Jumuiya si barua ya ubatizo tu

Wiki hii naanza na ujumbe wa dada mmoja wa Kiseke, hapa hapa Ilemela. Ameniruhusu niutumie bila kumtaja. Anasema yeye na mumewe wamehamia nyumba yao mwaka jana. Wanasali kila Jumapili, sadaka wanatoa, zaka wanalipa. Mwezi uliopita walikwenda ofisi ya parokia kumwandikisha mtoto wao wa miezi mitano kwa ajili ya ubatizo, wakaulizwa: "Mnatoka jumuiya gani?" Hawakuwa nayo. Wakaambiwa wakajiunge kwanza, wasali na wenzao, kisha mwenyekiti wa jumuiya awaandikie barua.

"Nimeumia," anasema. "Mimi namwamini Mungu, siiamini barua. Kwa nini nilazimike kwenda kukaa kwenye mkeka wa mtu nisiyemjua, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nichangishwe, halafu nikitoka nisemwe?"

Dada yangu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Sitakuambia kwamba umekosea kuumia. Hata mimi niliishi miaka mingi bila jumuiya, na sababu zangu zilikuwa hizo hizo zako. Kilichonibadilisha hakikuwa mahubiri. Kilikuwa msiba, na leo nitausimulia.

Wakati huo nilikuwa naishi Kitangiri, upande wa juu, kule ambako nyumba zimekaa juu ya mawe na njia ni ya kupanda kwa miguu. Asubuhi moja jirani yangu, mama mwenye vyumba vya kupangisha, alinigongea mlango. Mpangaji wake wa chumba cha nyuma hakuwa ameonekana tangu juzi yake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tukamwita mjumbe, mjumbe akamwita mwenyekiti wa mtaa, polisi wakaja, mlango ukavunjwa. Yule kaka alikuwa amefariki kitandani. Kando ya godoro kulikuwa na dawa za malaria na chupa ya maji iliyobaki nusu.

Alikuwa mbebaji wa magunia ya dagaa mwaloni Kirumba. Wenzake walipopata habari walikuja zaidi ya kumi, na walilia kweli, lakini hakuna aliyejua zaidi ya jina lake la utani. Mmoja alidhani ni mtu wa Kigoma. Mwingine alisema ni wa Ukerewe. Simu yake ilikuwa na namba ya siri.

Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia rozari. Chini yake palikuwa na bahasha za zaka za parokia yetu, zimefungwa vizuri kwa mpira. Juu ya kila bahasha alikuwa ameandika jina lake lote. Palipochapwa neno "Jumuiya" alikuwa ameacha wazi.

Polisi walipotoa kitambulisho chake nikaiona picha, miguu ikaniisha nguvu. Nilikuwa namjua. Alikuwa anakaa benchi la nyuma yangu, Misa ya kwanza. Kwa muda wa kama miaka miwili nilikuwa nageuka kila Jumapili na kumpa mkono wa amani, naye ananipa wa kwake, tunatabasamu, tunageukia altare. Sikuwahi kumwuliza jina. Sikujua hata kwamba tukitoka Misa tulikuwa tunapanda mlima mmoja, yeye akipita nyuma ya jiko langu kwenda kwake.

Mwili ulikaa chumba cha maiti siku sita, hadi dereva mmoja wa lori la dagaa alipofikisha habari kijijini kwao na kaka yake akaja. Kaka mwenyewe alifika na nauli ya kurudia tu. Ilibidi marehemu azikwe hapa hapa. Katekista alipoitwa aliuliza swali lile lile uliloulizwa wewe, dada: jumuiya gani? Tukatazamana. Ndipo mama mmoja mzee, mwenyekiti wa jumuiya ya eneo letu, akasema: "Alikuwa anakaa kwetu. Andikeni ni wa kwetu."

Katibu akafungua daftari, na jina la yule kaka likaandikwa siku ile ile aliyozikwa. Wale watu wasiomjua wakachanga, wakatoa vijana wa kuchimba, wakapika, wakaimba mpaka mwisho. Nami nilikuwepo, nikigawa sahani. Na jina langu mimi pia halikuwemo katika daftari lile.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda.

Zilitoka wapi?

Wapo wanaodhani jumuiya zilibuniwa ili michango ipatikane kwa urahisi. Tuweke historia sawa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi na kukubaliana kwamba kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo kuwe kipaumbele cha kazi ya kichungaji katika nchi zetu. Sababu ilikuwa rahisi kuiona. Parokia zilikuwa kubwa, mapadre wachache, na mtu angeweza kusali maisha yake yote bila mwenzake yeyote kujua kwake kumelala njaa. Kwa hiyo Kanisa likashushwa hadi usawa wa mlango wa nyumba: familia chache zilizo jirani, zinazoweza kwendeana kwa miguu, zisome Neno pamoja na ziangaliane.

Wala si jambo la Wakatoliki peke yao. Ndugu zetu wa KKKT wana jumuiya zao za mitaani. Katika makanisa mengi ya Kipentekoste utasikia habari za seli au kanisa la nyumbani. Majina yanatofautiana, lakini mkeka ni ule ule.

Na jambo lenyewe ni la kale kuliko parokia zote. Wakristo wa kwanza hawakuwa na majengo. Ukisoma salamu za Mtume Paulo mwishoni mwa barua yake kwa Warumi, utakuta anamsalimu Priska na mumewe Akila, pamoja na kanisa linalokutana nyumbani mwao. Watu hao walikuwa mafundi wa mahema, watu wa kuhamahama, kama walivyo wengi wetu hapa Mwanza. Walipohamia mji mwingine hawakungoja wenyeji wawafuate. Walifungua mlango wao.

Wazee wa Kisukuma nao hawakuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba shamba kubwa halilimwi na mkono mmoja. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, wana kiongozi wao, wanakwenda kulima kwa huyu leo na kwa yule kesho. Aliyekuwa nje ya umoja aliujua upweke wake msimu wa kulima ulipofika.

Kwa nini hasa hapa kwetu

Tazama Ilemela ilivyokua. Tulipata halmashauri yetu mwaka 2012, na sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 343,000 hivi. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 509,000. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya laki moja na nusu. Wengine ni watoto wetu waliozaliwa hapa, na wengine wamekuja na mizigo yao kutoka Kagera, Mara, Geita, Simiyu, Kigoma na visiwani. Buswelu, Kiseke na Nyamhongolo, ambako juzi tu palikuwa na mashamba na mawe, leo ni mageti na kuta. Kuta hizo ni nzuri kwa wezi. Kwa mgonjwa wa usiku si nzuri hata kidogo.

Na sisi tunaokaa milimani tuna la ziada. Mgonjwa wa Kitangiri ya juu, Ibungilo au Nyamanoro hashuki kwa bajaji. Bajaji inakungoja chini barabarani, na kutoka mlangoni kwako hadi pale ni mawe matupu. Mwaka juzi bibi mmoja wa jumuiya yetu alizidiwa saa nane usiku, na nyumbani alikuwa na mjukuu wa darasa la tano tu. Mtoto yule hakupiga namba ya dharura. Alikimbia mlango wa tatu, akagonga, akasema, "Bibi hapumui vizuri." Ndani ya nusu saa wanaume wanne walikuwa wamemfunga bibi kwenye kiti cha mbao kwa vitenge viwili, wanashuka naye hatua kwa hatua, mmoja akiwa mbele na tochi. Alfajiri alikuwa Hospitali ya Sekou Toure, akipumua kwa msaada wa oksijeni. Yu hai hadi leo na anatusumbua kwa hadithi zake.

Mtoto alijua mlango wa kugonga kwa sababu kila Jumamosi alikuwa akienda na bibi yake kusali katika nyumba ile. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Watoto wako walioko Dodoma wanakupenda sana, lakini saa nane usiku hawawezi kubeba kiti.

Malalamiko yenu nayajua

Sasa tuseme ukweli wote, maana ukurasa huu si wa kupamba. Nimekaa jumuiyani miaka kadhaa na nimeyaona.

Yapo mambo ya michango. Kuna Jumamosi nyingine sala inachukua dakika kumi na tano na matangazo ya michango dakika arobaini: ujenzi, jimbo, seminari, sherehe ya somo wa jumuiya, harambee ya kwaya. Mama anayeuza mchicha anasomewa deni lake mbele ya watu. Jumamosi inayofuata haji. Tunasema amelegea kiimani, kumbe amekimbia aibu.

Upo umbea. Jambo ambalo mtu amelitoa katika sala kwa machozi, kufikia Jumatatu limeshafika gengeni. Hilo linaua jumuiya kuliko ukata.

Wapo wanaowakilishwa. Baba ana nafasi yake kazini, mama ana duka, kwa hiyo anatumwa dada wa kazi na bahasha. Miaka inapita, jumuiya inamjua dada wa kazi tu. Siku dada akiondoka, familia nzima imeondoka.

Na yupo mgeni asiyeonekana. Mazungumzo yakinoga tunahamia Kisukuma, tunacheka, na Mhaya au Mkurya aliyekaa pembeni anabaki kutazama mkeka. Hatukukusudia kumtenga, lakini ametengwa.

Je, hayo ndiyo ya kutufanya tukae nyumbani? Fungua Matendo ya Mitume sura ya sita. Kanisa lilikuwa changa kabisa, Mitume wenyewe wako hai, na tayari manung'uniko yamezuka. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Ni lugha, chakula na upendeleo, mambo yale yale ya mtaani kwetu. Angalia walichofanya. Waliolalamika hawakuondoka wakasalie nyumbani. Mitume nao hawakuwaambia wanyamaze. Waliitana wote, wakakubali kwamba kuna kosa, wakachagua watu saba wenye sifa njema kulisimamia jambo lile. Mjane aliyesahauliwa alipata haki yake kwa sababu alikuwa ndani na alikuwa na watu wa kumsemea. Angekuwa nje, nani angejua kwamba hajala?

Kwa familia iliyohamia

Kwa hiyo, dada yangu wa Kiseke, na wengine wenye hali kama yako, nawapa niliyojifunza.

Msiende kwa ajili ya barua. Mkienda kwa ajili ya barua mtaipata, mtatoka, na mwaka wa ubarikio au wa ndoa mtarudi tena kutafuta nyingine, mkiwa wageni wale wale. Barua hiyo si risiti. Ni ushuhuda wa majirani kwamba wanaifahamu familia hii na watasaidia kumlea mtoto huyu katika imani. Hawawezi kusema hivyo juu ya watu wasiowajua, au wakisema watakuwa wamesema uongo. Lakini jua pia kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa hakuna wa kuulizwa barua. Anabatizwa hapo hapo, hata na mlei. Utaratibu wa barua ni kwa ajili ya malezi. Haukuwekwa kumfungia mtoto mlango.

Nendeni wote wawili, na mtoto mgongoni. Baba asibaki amelala akingoja taarifa. Akina baba wengi wa mji huu wanafahamiana baa tu, na ugonjwa ukiingia nyumbani baa haijui ilipo nyumba yako.

Mkifika mseme mnatoka wapi, mnafanya kazi gani, na kwenu ni wapi hasa. Mwachieni katibu namba ya ndugu mmoja wa kupigiwa. Tangu msiba ule wa Kitangiri, katika jumuiya yetu hilo ni jambo la kwanza: kila familia, na kila mpangaji anayeishi peke yake, ana namba ya ndugu katika daftari.

Wiki za mwanzo kaeni, sikilizeni, someni Neno nao. Zamu ya nyumba yenu ikifika msiogope kwamba viti havitoshi. Chai ya rangi inatosha, na hata isipokuwepo watu watasali. Nimeona nyumba zinakwepa zamu kwa mwaka mzima kwa aibu ya kukosa vikombe.

Mchango ukiwazidi, mwambieni mhazini pembeni, mapema, kwa ukweli. Mkipatikana na cha kutoa kingine kitoeni: mwenye gari atoe gari siku ya msiba, mwalimu awasaidie watoto hesabu, nesi amtazame mzee shinikizo la damu.

Kwa jumuiya yenyewe

Nanyi wenyeviti na makatibu, nina maneno machache kwenu, kwa heshima.

Akija mgeni, msimwanzie na orodha ya madeni. Mwanzieni na jina lake. Tembeleeni vyumba vya wapangaji, siyo nyumba zenye geti tu. Anayeishi na mwenzake bila ndoa, au mama aliyeachwa na watoto, asifanywe somo la Jumamosi. Afanywe jirani kwanza, mengine padre atayashughulikia kwa wakati wake.

Huku Igombe na Kayenze wapo wavuvi ambao hatuwaoni, tunawaita wazembe. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi usiku wa giza, alfajiri ya Jumamosi ndiyo kwanza anatua mzigo. Lakini mwezi ukiwa mkubwa nyavu zinapumzika. Jumuiya inayowataka wavuvi wake itazame mbingu kabla ya kupanga ratiba, iwaendee siku za mbalamwezi, jioni. Na wake zao wanaobaki peke yao wakati waume wako makambini visiwani wasingojwe waje. Wafuatwe.

La mwisho ni siri. Kinachosemwa kwenye sala kibaki kwenye sala. Mwenyekiti aliseme hilo waziwazi kila mara, na aliyevunja aonywe.

Mpenzi msomaji, Jumapili hii ukiwa kanisani, iwe ni parokia, usharika au kanisa lenu la mtaani, utampa mtu mkono. Mshikilie kidogo. Mwulize anaitwa nani, na anakaa wapi. Ikiwa anakaa upande wako wa mlima, mwambie Jumamosi mnasali nyumba gani.

Nawe dada yangu wa Kiseke, nimeulizia. Kumbe jumuiya ya eneo lenu wiki hii inasalia nyumba ya nne kutoka kwako, ile yenye mwembe. Saa kumi na mbili na nusu, siyo saa kumi na mbili. Mama mwenye nyumba hiyo ameniambia kwamba tangu mlipohamia amekuwa akikuona ukipita na mtoto mgongoni, akitamani kukusalimia, ila aliogopa geti lako. Nenda kamwambie mwangaluka.